Mikato Mitatu Chini ya Benchi

Mwezi uliopita nilikalishwa kwenye benchi la mvule msibani Koboko, na hasira iliyonipanda pale haijashuka mpaka leo. Wengine walikaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi na kwenye mikeka. Mimi nilitafutiwa benchi. Binti wa marehemu, Poni, mwanamke wa makamo, alinishika mkono mbele za watu, akafuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akasema, "Baba Khamis, kaa hapa. Hii benchi baba iliweka kwa sababu yako." Kijana mmoja aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akamwambia mwenzake kwamba vitu hivi havitengenezwi tena, mvua ya miaka hamsini na mchwa wa Koboko vimeshindwa. Poni akawaeleza waombolezaji mimi ni nani: ndiye yule Khamis wa Arua aliyeongoza msumeno uliopasua mbao hizi, na ndiye aliyemfichia baba yao aibu siku jicho lake lilipoharibu kazi, asije akafukuzwa. Wakanishukuru. Mzee mmoja wa kanisa alinipa mkono na kuukawiza. Jeneza la Yosefu Wani lilikuwa hatua kumi mbele yangu, na mimi nikiwa napokea shukrani zake nilitamani benchi lile livunjike na kuniangusha. Halikuvunjika, maana tulilitengeneza vizuri.

Sina haja ya kusema nilizaliwa wapi wala nani alinilea. Yaliyonifanya niwe huyu niliye yalitokea mwaka mmoja, wa sabini na mbili, kati ya shimo la Abuku na chumba cha Koboko. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa Kinubi wa mjini Arua, mvivu kiasi, mwenye mdomo mtamu. Wani alikuwa rika langu, mkimbizi wa kutoka upande wa Yei, Sudan, Mkristo, mrefu, asiyependa maneno mengi. Sote wawili tuliajiriwa na Hajji Marjani, mwenye karakana ya useremala nyuma ya soko la Arua, kwa sababu alikuwa amepata kazi kubwa. Ofisa mmoja wa jeshi alikuwa amejenga nyumba Koboko, akataka samani za kukaa uani: meza moja ndefu, mabenchi mawili na viti kumi na viwili, vyote vya mvule, vikae nje kwenye mvua na jua mwaka mzima bila kuingizwa ndani. Alitaka wageni wake wa kutoka Kampala wakae nje kama Wazungu walivyokuwa wakikaa. Jina lake nalijua na silitaji, maana alikwisha kutajwa vya kutosha alipokuwa hai.

Mti wenyewe ulisimama Abuku, kijiji cha nje kidogo ya Koboko, katika shamba la muhogo la watu. Wenyewe hawakuulizwa. Askari wawili walikuja na Hajji, wakaunyooshea mti kidole, tukaanza kukata. Mama mwenye shamba alikaa mlangoni pake siku tatu akitutazama, na mti ulipoangukia muhogo wake aliingia ndani akafunga mlango. Tulichimba shimo refu kupita mtu, tukaliviringisha gogo juu ya maboriti. Asiyeijua kazi hii na aelewe: kupasua mbao ni kazi ya watu wawili na msumeno mmoja. Mtu wa juu husimama juu ya gogo na kuuongoza msumeno ufuate mstari. Mtu wa chini husimama shimoni na kuvuta, na kila anachokivuta humwangukia usoni. Unga wa mvule una ukali wake. Macho huvimba, pua hutiririka, shingo hutoka vipele, na kifua hubana mpaka mtu anapiga magoti kutafuta pumzi. Ndiyo maana katika mashimo yote niliyoyajua, Manibe, Dadamu, kokote, kulikuwa na desturi moja ambayo hata mtu mwenye roho mbaya aliifuata: jua likifika utosini, mnabadilishana. Wa juu anashuka, wa chini anapanda. Na kila mtu wa juu hukata alama yake kwenye kichwa cha ubao aliouongoza. Alama ya Wani ilikuwa mkato mmoja mpana, uliokatwa kwa kona ya msumeno. Yangu ilikuwa mikato mitatu myembamba ya patasi.

Tulilala Koboko, katika chumba kilichoegemea kinu cha kusaga unga, na ukuta ukitetemeka tangu asubuhi mpaka mtambo uzimwe. Kulikuwa na vitanda viwili vya kamba, sanduku la zana, na msumari mmoja ukutani ambao Wani alitundikia shati lake la kanisani. Dada yake Hajji, Mama Zeinabu, ndiye aliyetupikia. Asubuhi alitupa gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, na chai ya tangawizi. Jioni alitupa ugali wa muhogo na angara, samaki mkavu wa mto Nile, aliyepikwa kwa ufuta wa kusaga. Tulikula sahani moja. Wani alifumba macho na kusali kwanza, na Mama Zeinabu, Mwislamu wa swala tano, alizuia mikono yetu sote mpaka amalize. Ninapomkumbuka mama yule ndipo ninapojua kwamba mwaka ule ulikuwa na watu wema, na kwamba mimi nilikula chakula chao.

Baraza ya Mama Zeinabu, ambapo Hajji alipokea wageni kila alipofika Koboko, ilitenganishwa na chumba chetu kwa ukuta wa mianzi tu, kwa hiyo tulisikia kila neno. Wahindi walikuwa wameambiwa waondoke nchini, na jioni nzima wageni walihesabiana maduka: nani atapata lile la vitambaa, nani ameshaahidiwa lile la vifaa vya ujenzi. Msumeno wetu mpya ulitoka huko. Walizungumza pia juu ya wakimbizi wa Sudan, kwamba kwao amani imekuja, basi warudi, wanangoja nini hapa. Wani alisikiliza akiwa amelala chali. Jioni moja Hajji alimwambia mgeni wake, kwa sauti ya mtu anayechagua mbuzi sokoni, "Hii vijana yangu mbili, ile iko na jicho mzuri nachukua Arua, nafanya fundi. Ile ingine itabaki shimo." Kisha akaagiza chai. Miaka yote hii nimejiuliza kilimgharimu nini kuwachukua wote wawili. Karakana ilikuwa na nafasi. Alipenda tu kuona watu wakigombea, akawa anaiita biashara.

Usiku ule Wani aliongea kuliko alivyoongea mwezi mzima. Alisema watu wake wanarudi nyumbani na mabunda kichwani, na kila mwenye bunda anafika mikono mitupu. Yeye hataki kufika hivyo. "Mimi nataka kurudi na kazi," aliniambia. "Hajji akipa mimi barua, aseme Wani iko fundi, kule Yei wanajenga kila kitu tena. Hiyo barua tu." Nilimwambia inshallah. Na nilipokuwa nasema inshallah nilikuwa najua, kama ninavyojua sasa, kwamba yeye alikuwa na jicho na mimi sikuwa nalo. Mbao zangu zilikuwa nzuri. Zake zilikuwa zimenyooka.

Mwezi uliofuata niliugua malaria. Nililala siku mbili nikitetemeka pamoja na ukuta wa kinu, Mama Zeinabu akininywesha uji. Siku hizo mbili Wani alikaa juu ya gogo asubuhi na mchana, na kijana mmoja wa Abuku akavuta chini. Mvule una tabia ya kuficha mawe ndani yake. Si kokoto zilizoingia kutoka nje, ni mawe yanayoota ndani ya mti wenyewe, meupe, magumu, na msumeno ukiyapata meno yanaondoka. Mimi nilikuwa nimeshavunja meno mara mbili. Kijana wa Abuku alinisimulia kwamba Wani aliinua mkono ghafla, akasema asubiri, sauti imebadilika. Akachimba kwa patasi, na jiwe la ukubwa wa yai la bata lilikuwa pale, upana wa vidole viwili mbele ya msumeno. Alilitoa, wakaendelea. Nilipopona nilikuta mbao sita zimelazwa kivulini, kila moja na mkato mmoja mpana kichwani. Niliinama nikazitazama kwa urefu, jicho moja limefumbwa. Sikuwahi kuona mbao kama zile zikitoka shimoni. Nilikaa chini kwenye unga, na kilichonijia hakikuwa wivu peke yake. Ilikuwa hofu. Niliona shimo, nikajiona mimi nimo ndani yake.

Wani alikuwa ameenda mtoni kuoga. Nilichukua patasi yangu nikakata mikato miwili myembamba karibu na mkato wake, kwenye kila ubao. Ikawa mitatu. Alipokuja nikamwambia uongo ambao ningependa kusema ulinitoka kwa haraka, lakini niliupanga vizuri. Nilimwambia mbao zake zimekimbia mstari. Akasema hapana, ameziangalia, ziko sawa. Nikachukua uzi wetu, ule tuliouchovya katika weusi wa betri za tochi zilizokufa ili kupigia mistari, nikampa ncha moja ashike kwenye ukingo wa ubao, nami nikashika ncha nyingine. Chini ya uzi, upande wangu, niliweka kidole gumba. Kutoka alipokuwa, aliona mwanga ukipita kati ya uzi na mbao. Tukafanya hivyo kwa mbao zote sita.

"Jicho yangu iko mbaya?" aliuliza.

Nikamwambia jicho lililopinda haliwezi kujiona limepinda, ndilo lile lile linalokagua. Nikamwambia asiogope, nimeweka alama yangu juu ya yake, nitazinyoosha kwa randa kabla Hajji hajaziona, maana Hajji akijua atamfukuza na askari watauliza kuhusu karatasi zake. Kisha akanishika bega kwa mkono wenye unga, akasema, "Asante, ndugu yangu." Nimeibiwa mara nyingi maishani, na nimewatukana walioniibia. Lakini hakuna mwizi niliyemsikia akishukuriwa na mwenye mali.

Ijumaa Hajji alikuja. Aliinama juu ya zile mbao sita, akapitisha kiganja, akageuza kichwa cha ubao na kuhesabu mikato. Akaniita fundi. Wani alisimama pembeni, akatikisa kichwa kukubali, akafurahi kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo hatukubadilishana tena. Jua lilifika utosini, likapita, na Wani akabaki chini, mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu hakutaka kuharibu kazi ya watu. Alijifunga kitambaa puani. Jioni alirudi macho yamevimba mpaka yakawa mistari, akikohoa juu ya sahani, na Mama Zeinabu akamuuliza Hajji zamu imekwenda wapi. Hajji akasema vijana wamekubaliana wenyewe. Mama Zeinabu akanitazama mimi. Nilishusha macho nikaendelea kula. Mambo yakawa hivyo miezi miwili, na mimi nililala vizuri, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Samani tulizitengeneza katika ua wa yule ofisa. Hatukutumia msumari hata mmoja, maana msumari katika mvule wa nje huota kutu na kuitia mbao weusi. Tulichonga tundu na ulimi wa kuingia humo, tukapigilia vigingi vya mti mkavu, ili mbao mbichi zikikauka zivibane. Tuliacha nafasi kati ya mbao za kukalia, maji ya mvua yapite, na nyayo za miguu tukazipaka oili chafu ya lori. Zile mbao sita ziliingia kwenye benchi moja refu, nne za kukalia na mbili za kuegemea, na rangi yake ilikuwa ya asali. Ofisa alikuja mara moja tu. Alikaa kwenye kiti, akajaribu kukivuta kwa mkono mmoja, kikamshinda. Akasema ni vizito mno na vinafanana na vya kijijini, vipakwe rangi nyeupe. Hajji akasema ndiyo, mkubwa. Tukapaka. Miezi sita ya watu wawili, mti wa zaidi ya miaka mia, shamba la mama yule, kifua cha Wani, vyote vikawekwa chini ya rangi nyeupe ya dukani, na wageni wa kutoka Kampala sidhani kama walikuja. Wani ndiye aliyepaka benchi lile. Alipaka mpaka chini, alikojua mvua itarukia, na rangi ikajaa ndani ya ile mikato.

Mwisho wa mwaka Hajji alinichukua Arua. Wani aliomba barua. Hajji akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba barua ni ya fundi, na mtu wa chini si fundi. Wani hakwenda Yei. Alibaki Koboko akibeba magunia kwenye kinu kile kile, kisha akapata kiwanja Abuku akalima muhogo. Mimi nikawa fundi mwenye jina. Sabini na tisa, majeshi yalipokuja na sote tukakimbia, nilivuka mpaka na mfuko wa patasi zangu, na popote nilipofika patasi zile zilinipa chakula. Kila Idi, mwaka hadi mwaka, Wani alinitumia salamu kwa madereva wa malori, na baadaye kwa simu. Kila mwaka nilimwambia nitakuja kumwona.

Asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajajaa, Poni alinisimulia habari za baba yake kama zawadi. Kwamba baada ya vita alilikuta benchi linapasuliwa kuni katika ua mtupu wa ofisa, akalikomboa kwa jogoo wawili, akalibeba na ndugu wa mkewe mpaka nyumbani, kwa sababu lilikuwa kazi ya Khamis. Kwamba rangi ilipobanduka kote ilibaki ndani ya ile mikato tu, na aliwafundisha wanawe kuinama na kuitazama: mistari ya Khamis. Kwamba yeye mwenyewe hakugusa msumeno tena. Nyumba yake ilijengwa na wengine, naye alisimama mikono nyuma, akimwomba jirani amwambie kama paa limenyooka. Poni alipoolewa, alimlipa mtu kuchonga kitanda. "Alikuwa anasema, mimi jicho yangu iko mbaya, lakini Mungu alipa mimi rafiki mzuri." Na alikohoa, alisema Poni, tangu yeye Poni akiwa mtoto.

Nilimkasirikia hata Wani, pale pale, maiti. Kwa nini aliamini? Kwa nini hakuchukua uzi siku moja, miaka hamsini, akashika ncha zote mbili mwenyewe? Lakini mtu hashuku mkono uliomshika asianguke.

Basi waliponishukuru, na yule mzee wa kanisa akaniachia mkono, nilisimama nikawaomba vijana walipindue benchi. Walidhani nataka kuonyesha kazi. Mikato mitatu meupe ilikuwa pale kwenye kila kichwa cha ubao. Nikamwita Poni aje karibu, nikaweka kidole kwenye mkato mpana, nikasema, "Hii moja ni ya baba yako." Nikaweka kidole kwenye miwili myembamba. "Hii mbili nilikata mimi, yeye akiwa mtoni." Nikamweleza yote: malaria, mbao sita, uzi, kidole gumba. Nilieleza kwa sauti, watu wote wasikie.

Poni alipiga magoti, akapitisha ukucha wake ndani ya mkato ule mpana, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akauliza neno moja tu. "Kumbe baba ilikuwa na jicho mzuri?"

"Jicho ya baba yako ilikuwa mzuri kupita yangu," nilisema. "Kupita ya Hajji. Kupita ya fundi yote ya Arua."

Vijana walilirudisha benchi kwenye miguu yake. Nikataka kukaa. Poni akaweka kiganja chake kwenye mbao, mahali nilipokuwa nimekaa tangu asubuhi.

"Hapana, mzee," alisema. "Hii ni ya baba."

Nilisimama mpaka mazishi yalipokwisha. Hakuna aliyeniletea kiti cha plastiki, nami sikuomba.